Kulinganisha mikabala ya tiba ya familia kwa kesi moja

Ukiisoma mikabala hii mmoja mmoja, yote itaonekana kusema kweli na hutajua tofauti yake iko wapi. Tofauti hujitokeza ukiipa yote kesi moja. Tenga karatasi mbili na saa mbili hivi.

Hatua ya 1: Andika kesi kwa mistari isiyozidi kumi

Andika kinachoonekana na kusikika tu. Mfano: kijana wa miaka 14 amegoma kwenda shule kwa wiki sita. Kila asubuhi mama humbembeleza, kisha humfokea. Baba huondoka mapema, kimya. Dada wa miaka 17 humpelekea kijana chakula chumbani. Wazazi hawana mazungumzo mengine ila ya kijana huyo.

Usiandike "mama anamdekeza". Hiyo tayari ni tafsiri, na itaupendelea mkabala mmoja kabla hujaanza. Hakikisha pia kijana si mgonjwa wala haonewi shuleni. La sivyo utaitibu familia kwa kosa lisilo lake.

Hatua ya 2: Uliza kila mkabala, "Tatizo linakaa wapi?"

Salvador Minuchin, mwasisi wa mkabala wa kimuundo, angeangalia mipaka na madaraka: dada amechukua nafasi ya mzazi, na wazazi hawaamui pamoja. Murray Bowen angeona pembetatu: wasiwasi uliopo kati ya mume na mke umehamishiwa kwa mtoto, na huenda ulianza vizazi vilivyotangulia. Kikundi cha wataalamu wa tiba cha Palo Alto, California, kingesema juhudi zenyewe za kulitatua tatizo, yaani kule kubembeleza na kufoka, ndizo zinazolidumisha. Michael White na David Epston, wa mkabala wa masimulizi, wangelitenga tatizo na kijana. Steve de Shazer na Insoo Kim Berg, wa mkabala wa suluhisho, wasingetafuta chanzo kabisa. Wangetafuta siku ambayo mambo yalikuwa afadhali.

Hatua ya 3: Andika dakika kumi za kikao kwa kila mkabala

Usiiruke hatua hii. Nadharia mbili zinaweza kufanana kwa maneno, lakini chumbani hazifanani.

Kimuundo: mtaalamu kwanza anajiunga na familia, anaheshimu namna yao ya kuzungumza. Kisha anawageuzia wazazi viti watazamane, na kuwataka wakubaliane hapo hapo kijana ataamka saa ngapi kesho. Mama akimgeukia kijana, anarudishwa kwa mumewe. Anayeanza kusukuma kabla ya kujiunga hupoteza familia. Kikao cha pili hawaji.

Bowen: sauti iko chini. Mtaalamu anamuuliza baba anavyofikiri, mama anasikiliza, halafu zamu inageuka. Wanachora genogramu, yaani mchoro wa ukoo na mahusiano yake, ya vizazi visivyopungua vitatu, miraba kwa wanaume na duara kwa wanawake. Kijana anaweza asiwepo kabisa. Kosa la kawaida ni kuifanya genogramu fomu ya kujaza, wakati kinachotafutwa ni nani hukata mawasiliano na nani hung'ang'ania pale hofu inapopanda.

Milano (kikundi cha wataalamu wa Milano, Italia, chenye maswali ya mzunguko): anaulizwa dada, "Mama akianza kubembeleza, baba hufanya nini?" Mtu wa tatu anaeleza uhusiano wa wawili, na wote wanasikia jambo ambalo hawajawahi kulisikia likisemwa.

Suluhisho: "Kwenye kipimo cha 0 hadi 10, leo uko wapi? Ni nini kimekuzuia usishuke chini ya hapo?" Akijibu "sijui", nyamaza usubiri. Swali la muujiza ("Ukiamka kesho tatizo limetoweka, utajuaje?") likija kabla maumivu hayajasikilizwa, huonekana dharau.

Masimulizi: tatizo linapewa jina, nalo lazima litoke kinywani mwa kijana. Akiliita "Uzito", unamuuliza Uzito humwambia nini alfajiri, na ni lini aliukatalia.

Hatua ya 4: Chora jedwali

Safu nne zinatosha: nani anaitwa, wakati unaoangaliwa (uliopita, uliopo au ujao), mtaalamu anaongoza au anafuata, na dalili ya mabadiliko.

Hatua ya 5: Ongeza sentensi moja: "Baba humpiga mama"

Pitia jedwali upya. Kufikiri kwa mzunguko, ambako kila mtu anachangia tatizo, sasa kunamgawia mpigwaji lawama. Wanazuoni wa ufeministi walilipinga hilo kwa nguvu miaka ya 1980, na walikuwa sahihi. Kutoegemea upande, nguzo iliyoandikwa na kikundi cha Milano mwaka 1980, hapa hakufai. Simamisha vikao vya pamoja, zungumza na kila mmoja peke yake, na panga usalama kwanza, mkabala wowote uwao.

Hatua ya 6: Chagua

Chukua mkabala mmoja wa kueleza tatizo, kisha azima maswali kwingine. Maswali ya mzunguko hukaa vizuri ndani ya kazi ya kimuundo. Kisichochanganyika ni nafasi ya mtaalamu: ukiwaamuru wahame viti leo, na kesho ukasema wao ndio wajuzi wa maisha yao, hawatajua wakuchukulieje. Vikao vitatu au vinne vikipita bila badiliko hata dogo la asubuhi, rudi kwenye majibu ya hatua ya 2 ujaribu jibu jingine.