Jinsi ya Kushirikiana na Maabara ya Pamoja ya Utafiti katika Vipimo Maalumu

Maabara ya pamoja ya utafiti huhudumia watafiti wengi kwa vipimo ambavyo kwa kawaida havifanyiki katika maabara ya hospitali, kama vile homoni zilizomo katika damu kwa kiasi kidogo mno. Zungumza na wataalamu wake kabla andiko lako la utafiti halijapelekwa kwenye kamati ya maadili, kwa sababu matokeo mengi huharibika siku ya kutoa damu, wala si siku ya kupima.

Katika mazungumzo hayo eleza swali la utafiti, usitaje jina la kipimo peke yake. Ukiomba kipimo cha homoni ya kortisoli kwa washiriki wanaotumia prednisoloni, unaweza kupata majibu yaliyo juu kuliko hali halisi, kwani kingamwili za baadhi ya vipimo, yaani protini zinazonasa kinachopimwa, hunasa dawa hiyo pia. Mtaalamu akilijua hilo mapema atakuchagulia njia inayotenganisha molekuli hizo mbili.

Kisha andikeni utaratibu wa kushughulikia sampuli, na hapa msiwe na haraka. Damu ya kupata seramu, yaani majimaji yanayobaki damu ikishaganda, huachwa igande kwa takriban dakika 30 kabla ya kuzungushwa kwenye sentrifuji. Homoni ya ACTH huvunjwa upesi na vimeng'enya, hivyo damu yake huchukuliwa katika tyubu iliyopozwa yenye EDTA, kemikali inayozuia damu kuganda, huwekwa kwenye barafu na plazma (majimaji ya damu isiyoganda) hutenganishwa bila kukawia. Tyubu hiyohiyo haifai kwa kalsiamu wala potasiamu, kwa kuwa EDTA hushika kalsiamu, na aina inayotumika zaidi ni chumvi ya potasiamu. Seli nyekundu zikipasuka, hutoa kimeng'enya kinachoharibu insulini, na majibu hushuka isivyo kweli. Muuguzi anayetoa damu anastahili kuelezwa sababu hizi, maana ndiye anayeishika sampuli kwanza. Plazma igawanywe katika vichupa vidogo kabla ya kugandishwa kwa nyuzi 80 za Selsiasi chini ya sifuri, ili isilazimu kuyeyusha kichupa kimoja mara kwa mara.

Mpangilio wa upimaji nao unahitaji hesabu. Sahani ya kawaida ya ELISA, njia ya kupima kwa kutumia kingamwili, ina vishimo 96. Viwango rejea 8 (miyeyusho yenye kiasi kinachojulikana) na sampuli 2 za udhibiti (za kuhakiki kuwa kipimo kiko sawa), vyote vikipimwa mara mbilimbili, huchukua vishimo 20, na 76 vinavyobaki vinatosha sampuli 38. Ikiwa kila mshiriki ametoa damu mara nne, sahani moja itabeba washiriki 9. Sampuli zote za mshiriki mmoja zikae sahani moja, la sivyo tofauti kati ya sahani na sahani itadhaniwa kuwa badiliko la mwili wake. Makundi ya utafiti yachanganywe, na anayepima asijue nani alipewa dawa.

Gharama za kurudia vipimo zikubaliwe kwa maandishi tangu mwanzo.

Majibu yakija, yaombe pamoja na matokeo ya sampuli za udhibiti na kiwango cha chini kabisa ambacho kipimo kinaweza kutambua. Thamani zilizo chini ya kiwango hicho zisigeuzwe sifuri. Ziripotiwe kama zilivyo, na mtakwimu aamue namna ya kuzichambua kabla hajajua ni za kundi gani.