Jiko la kuni linakula kuni hovyo? Anza na kamba ya mlango

Hii ni kwa wenye majiko ya chuma ya kuni, yale yenye mlango na bomba la moshi, huku Kigoma wanayo wachoma mikate na baadhi ya wenye migahawa. Ukishafunga tundu la hewa na moto bado unanguruma na kuni zinaisha fasta, ujue kuna hewa inapenya pengine, na mshukiwa wa kwanza ni kamba ya mlango, ile inayokaa kwenye mfereji kuzunguka mlango kuziba hewa. Ila kama moshi unarudi chumbani hiyo kesi nyingine, mara nyingi bomba limejaa masizi, na ukikimbilia kuziba mlango huku bomba limeziba unatafuta kifo, kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi. Safisha bomba kwanza.

Kujua panapovuja, jiko likiwa la baridi bana kipande cha karatasi mlangoni, funga, vuta. Kikikataa kutoka pako poa, kikitoka kirahisi hapo pamelegea. Zunguka mlango wote, hasa upande wa bawaba. Kwenye maungio ya bomba washa moto halafu pitisha kijiti cha udi taratibu, moshi wake ukivutwa ndani ndo penyewe. Wengine wanaweka tochi ndani usiku, sawa, ila ufa uliopinda hautaonesha mwanga.

Sasa kamba. Itoe ile ya zamani ukiangalia unene wake, maana hapa ndo watu wanapotea: kamba nene sana mlango haufungi, nyembamba haigusi fremu. Pima mfereji wenyewe, usipime kamba ambayo imeshalala miaka. Unayotaka ni ya faibaglasi, ikikosekana madukani pale Mwanga, hapa hapa Kigoma, agiza Dar ije na basi. Ukiletewa ya asbesto kataa, vumbi lake linaharibu mapafu, na kama ya zamani unahisi ni asbesto usiikwangue kavu, ilowanishe, vaa barakoa, ifunge kwenye mfuko.

Kwangua mfereji kwa bisibisi na brashi ya waya mpaka uone chuma kitupu, gundi haishiki kwenye masizi. Paka gundi ya jiko, ile inayovumilia moto. Silikoni nyekundu ya gasketi za injini waachie mafundi magari, mlangoni kwa jiko itaungua tu. Laza kamba bila kuivuta, ukiivuta inakuwa nyembamba na baadae inarudi inaacha pengo, halafu ncha mbili zikutane upande wa bawaba, sio chini ambako makaa yanadondokea. Funga mlango ukae hivyo mpaka gundi ikauke.

Nyufa za maungio ya bomba na msingi wa matofali hazihitaji hela. Udongo wa kichuguu, mchanga laini na majivu kidogo, kanda kama unga wa chapati. Finyanga kidonge, kikaushe, kikipasuka ongeza mchanga. Lowanisha ufa kabla ya kusiliba, la sivyo udongo unabanduka wote. Ila usithubutu kuuweka mlangoni, ukifungua mara mbili umeshamwagika.

Moto wa kwanza uwe mdogo, vijiti tu, maji ya kwenye udongo na gundi yatoke taratibu. Jiko likishapoa rudia karatasi, na kama bado pamelegea upande wa komeo kaza komeo kwanza kabla hujailaumu kamba.