Mabeseni mawili ya karanga

Mwanafunzi akiniuliza kalsiamu yafanya nini ndani ya mbegu, namwambia kwanza apande karanga. Mimi hupanda uani kwangu, Kisauni, Mombasa.

Toboa mabeseni mawili chini. Katikati ya kila moja simamisha kopo lenye udongo mzuri, tundu lake juu ya tundu la beseni, kisha lizungushie mchanga hadi mdomoni. Panda karanga za kutambaa ndani ya kopo. Funika udongo wake kwa nailoni, ili vikonyo vya maua viteremkie mchangani. Zikichanua, beseni moja linyunyizie jasi ya shambani, unga wenye kalsiamu, jingine liache.

Mchanga ndio mtihani. Mwaka wa kwanza nilichota wa ufuoni, na mabeseni yote mawili yakazaa karanga nono. Mchanga wetu umesagika kutokana na matumbawe, umejaa chokaa, nayo ina kalsiamu. Tumia wa mto, uuoshe, uudondoshee siki; ukitoa povu, utupe. Mwagilia maji ya mvua, maana visima vyetu vimechimbwa kwenye mawe hayohayo.

Baada ya miezi minne, chimbua. Palipokosa jasi utakuta maganda mengi matupu, ingawa mizizi ilikuwa kwenye udongo mzuri. Kalsiamu hupanda na maji kwenda kwenye majani yanayotoa mvuke. Ganda lililozikwa halitoi mvuke, kwa hiyo hujinywea kalsiamu kutoka mchanga unaoligusa.

Hiyo ni njaa tu. Kazi ya pili, kupeleka ujumbe, beseni haliionyeshi, basi tunakaa barazani nimweleze. Kalsiamu huru ndani ya ute wa seli ni kidogo mno, pungufu kama mara 10,000 kuliko nje, kwa kuwa seli huisukuma itoke kila wakati. Alfajiri mji umetulia, adhana moja yafika mtaa mzima. Adhuhuri sokoni Kongowea, ita mtu uone kama atageuka. Seli hutunza utulivu huo, ndipo mlango ukifunguka kidogo na kalsiamu ikaingia, ujumbe usikike.

Kalmodulini, protini ya ndani ya seli, huinasa kalsiamu kwa vishikio 4, ikabadilika umbo na kuamsha protini nyingine. Protini za CPK, vimeng'enya vinavyoamshwa na kalsiamu, zina vishikio vyake zenyewe. Kwenye Arabidopsis, mmea mdogo unaotumiwa sana na watafiti, CPK4 na CPK11 hubandika fosfeti juu ya ABF1 na ABF4, protini zinazoshika DNA na kuwasha jeni zinazoitikia asidi ya absisiki: homoni ileile inayoiandaa mbegu changa kukauka bila kufa.