Kuwatambua Mikesha wa Brazili Ukiwa Tabora

Anayetaka kuwajua ndege waitwao mikesha wa Brazili na aanzie chini ya mwembe wa nyumbani kwake, kwa kuwa mkesha wa miombo ya Tabora, Turdus libonyana, ni wa jenasi moja na wao, yaani kundi moja la spishi zenye undugu wa karibu. Keti kimya asubuhi karibu na majani makavu. Utamsikia kabla hujamwona: huruka hatua chache, husimama wima, huinamisha kichwa upande mmoja, kisha hupekua majani na kuyatupa huku na huku mpaka apate mdudu. Mtazame mdomo wa rangi ya chungwa, halafu michirizi miwili myeusi inayoteremka kandokando ya koo, halafu tumbo na mbavu. Uzoee mpangilio huo, mdomo, koo na tumbo, maana ndio utakaoutumia kwa ndugu zake wa ng'ambo.

Turdus rufiventris, aliyetangazwa ndege wa taifa la Brazili mwaka 2002, ni mwepesi: tumbo lake lenye rangi ya chungwa iliyoelekea kutu halifichiki. Kazi ipo kwa wale wa kahawia. Turdus leucomelas ana kichwa cha kijivu kinachoachana na mgongo wa kahawia, ilhali Turdus amaurochalinus ana weusi kati ya jicho na mdomo, na akitua hutikisa mkia upesi upesi. Alama hii ya mwendo naiamini kuliko rangi, kwa sababu rangi hubadilika kivulini. Mimus saturninus naye Wabrazili humwita sabiá, jina wanalowaita mikesha, lakini ni wa familia nyingine: mkia wake ni mrefu na ana mstari mweupe juu ya jicho.

Baada ya macho, fundisha masikio. Katika tovuti ya Xeno-canto rekodi za ndege hawa husikilizwa bure. Chagua spishi moja, uisikilize wiki nzima, na uandike kwa maneno yako unachokisikia, ukikilinganisha na sauti ya mkesha wetu, ambaye hupiga mluzi wa vipande vifupi na kunyamaza kati yake, wakati Turdus rufiventris huunganisha sauti zake kwa muda mrefu.

Tafadhali tumia vipokea sauti vya masikioni. Rekodi ya mkesha ikichezwa kwa sauti kubwa karibu na kiota, dume huweza kuacha kulisha makinda ili amtafute mvamizi ambaye hayupo.