Namna ya kutoa mkojo wa kupimwa kabla ya kumeza antibiotiki

Hapa Mombasa, mtu akianza kuchomwa anapokojoa, mara nyingi hukimbilia duka la dawa, akameza antibiotiki, na asipopata nafuu ndipo apeleke mkojo maabara, ilhali dawa imekwisha kuwapunguza bakteria kiasi cha kutoota tena wanapooteshwa, yaani wanapokuzwa maabara ili watambuliwe. Anza na maabara.

Ni vyema kujua kinachotafutwa. Maambukizi mengi ya njia ya mkojo huletwa na Escherichia coli, bakteria ambaye utando wake wa nje una sumu ya mafuta na sukari inayotambuliwa na vipokezi vya seli za kibofu. Baadhi yao hutoa pia himolisini, protini inayotoboa utando wa seli. Linalostahili kuzingatiwa zaidi ni kwamba himolisini, ambayo nayo ni sumu, si lazima iue seli ndipo ilete madhara: mwaka 2000 watafiti wa Uswidi walionyesha kuwa kiasi kidogo chake hufanya kalsiamu ndani ya seli za figo ipande na kushuka takriban kila dakika 12, na mpwito huo huisukuma seli kutoa interleukini 6 na 8, protini za kupashana habari kati ya seli za mwili. Hiyo ya 8 huziita chembe nyeupe za damu, na zinapofurika, utando wa ndani wa njia ya mkojo huvimba na kuuma, na usaha huingia kwenye mkojo.

Chukua kopo la maabara lenye kifuniko, utumie mkojo wa kwanza wa asubuhi, kwa sababu bakteria huhitaji kama saa 4 kibofuni kutengeneza nitriti, kemikali inayotafutwa na kipimo, ya kutosha kubadilisha rangi ya kijiti cha kupimia. Nawa mikono, mwanamke ajisafishe kutoka mbele kwenda nyuma. Mkojo wa mwanzo uache uende chooni, kisha, bila kuukatisha, kinga ule wa katikati, wala usiguse ndani ya kopo.

Joto letu ndilo huharibu vipimo vingi, kwani bakteria wakipata hali nzuri huweza kuongezeka maradufu kila dakika 20. Fikisha kopo ndani ya saa 2. Anayesubiri feri Likoni alizungushie barafu mfukoni, au alihifadhi kwenye friji, nyuzi 4, kwa muda usiozidi saa 24. Mweleze mhudumu dawa yoyote uliyokwisha kumeza, na uombe mkojo uoteshwe.

Mwenye homa, kutetemeka, kutapika au maumivu ya ubavuni, pamoja na mjamzito, aende hospitali siku hiyohiyo bila kungojea majibu.