SOMO: "Not" ya Kiingereza inakaa wapi na inakanusha nini (soma yote kabla ya kuuliza)

Wakuu, nimechoka kurudia jibu lile lile. Ni "no" au "not"? Ni "don't" au "doesn't"? Mbona nikisema "yes" naeleweka kinyume? Naandika hapa mara moja, na mwenye kuuliza kitu kilichokwisha kujibiwa nitamtajia namba ya hatua tu. Asininunie.

Kwanza shikeni hili. Sisi ukanushi tunauweka ndani ya kitenzi: "najua" inakuwa "sijui", "alifika" inakuwa "hakufika". Kiingereza kinautoa nje, kinaupa neno lake, "not", na neno hilo lina kiti chake maalumu kwenye sentensi. Makosa mengi ninayosahihisha ni ya aina mbili tu: ama mtu kaiketisha "not" kwenye kiti kisicho chake, ama kaweka kanushi mbili penye nafasi ya moja.

Hatua ya 1. Kukiwa na "am", "is", "are", "was" au "were", weka "not" nyuma yake. "She is not here", hayupo hapa. Basi.

Hatua ya 2. Fanya vivyo hivyo kwa "can", "will", "should", "must", "may", na ile "have" ya "have gone". "Cannot" huandikwa neno moja.

Hatua ya 3. Vitenzi vilivyobaki haviwezi kubeba "not" bila msaidizi, yaani "do", "does" au "did". "I know" inakuwa "I do not know". "He knows" inakuwa "He does not know". "He knew" inakuwa "He did not know". Tazama kilichotokea kwenye mifano miwili ya mwisho: ile "s" imehamia kwa msaidizi, na wakati uliopita nao umehamia huko huko. Kitenzi kimebaki kitupu. Kwa hiyo "did not went" ni kosa, na "does not goes" ni kosa. Wala jambo hili si geni kwetu. Ukitoka "nilisoma" kwenda "sikusoma", ile "li" imekwenda wapi? Imeondoka, "ku" imekaa mahali pake. Wakati unatajwa mara moja.

Hatua ya 4. Vifupisho: "isn't", "don't", "didn't", "can't", na "won't" ambayo ni "will not". "I am not" inafupishwa "I'm not"; "amn't" utaisikia Scotland na Ireland, kwingine watu watakushangaa. Kwenye barua rasmi andika kwa kirefu.

Hatua ya 5. "No" inakaa mbele ya nomino tupu: "I have no time". "Not" inakwenda na kitenzi, au inatangulia "a", "the", "many", "much", "enough", "all": "not many people", "not enough light". Kwa hiyo "I have not time" iacheni kwenye vitabu vya kale. Kuna mtego mdogo hapa. "He is not a teacher" maana yake kazi yake si ualimu. "He is no teacher" ni kijembe: huenda analipwa kwa kufundisha, lakini ualimu haumo ndani yake.

Hatua ya 6. "Hakufika" ni "He did not come". "Hajafika" ni "He has not come yet". Ukiulizwa kama amefika, na jibu lako ni "bado", sema "Not yet". Usiseme "Still". Naisikia "Still" hii kila siku.

Hatua ya 7. Hii ina hatari, soma taratibu. "Must" ni lazima, kwa hiyo watu hudhani "must not" ni "si lazima". Siyo! "You must not come" ni "usije", yaani ni marufuku. "Si lazima uje" ni "You don't have to come" au "You need not come". "Not" hapo haikanushi ulazima, inakanusha tendo lenyewe. Maelekezo ya dawa yakisema "must not be taken with alcohol", hujapewa uhuru wa kuchagua, umekatazwa. "May not" nayo ina sura mbili: "Visitors may not enter" ni katazo, lakini "It may not rain" ni "huenda mvua isinyeshe". Muktadha ndio unaoamua.

Hatua ya 8. Swali lililokanushwa. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa nilichemsha mwenyewe mbele ya wasaili. Waliniuliza, "You don't have any questions for us?" Sikuwa na swali, nikajibu kwa adabu zote, "Yes." Wakakaa kimya wakisubiri niulize.

Kisa chake ni hiki. Kwa Kiswahili mtu akikuuliza "Huna swali?", unaweza kujibu "Ndiyo, sina", maana unakubaliana na alichosema. Jibu letu linatazama kauli ya muulizaji: amepatia au amekosea? Kiingereza hakijali kauli ya muulizaji. Kinatazama kitenzi cha jibu lako tu. Jibu likiwa na "not" ndani yake, anza na "No". Lisipokuwa nayo, anza na "Yes". Swali liwe limekanushwa au halijakanushwa, jibu ni lile lile:

"Do you have a key?" – "No, I don't."
"Don't you have a key?" – "No, I don't."
"You don't have a key?" – "No, I don't."

Tahadhari ya kwanza: usiishie kwenye "yes" au "no" peke yake. Malizia na kitenzi kifupi, "No, I don't", "Yes, I do". Ukikosea neno la kwanza, la pili litakuokoa. Ya pili: usiseme "Yes, I don't", maana msikilizaji atashika "yes" na kuacha mengine. Ya tatu: "Do you mind if I sit here?" ni swali la "utakereka?", kwa hiyo ukitaka akae, jibu "No, not at all". Ukimwambia "Yes" umemfukuza. Ya nne, na hii ni ya wanaohojiwa ofisini au hospitalini: "You're not allergic to anything?" si mahali pa kubahatisha. Jibu kwa sentensi nzima, "I have no allergies" au utaje kinachokudhuru.

Hatua ya 9. Kanushi ni moja kwa kila kitenzi. "Sijui chochote" ni "I don't know anything" au "I know nothing", chagua moja. Kinachotuponza ni "kamwe". Kwetu "kamwe" haisimami bila kitenzi kilichokanushwa: "sitarudi kamwe". "Never" ina ukanushi wake tayari, kwa hiyo "I will never return". "I will not never return" imezidisha. "Nobody", "nowhere", "none" na hata "hardly" zina tabia hiyo hiyo. Na mtu akisema "I don't know", nawe hujui, sema "Me neither" au "Neither do I". "Me too" hapo haifai.

Maswali sasa.

kipanga77: Mkuu, kati ya "he don't know" na "he doesn't know" ipi sahihi?

Hatua ya 3.

kipanga77: Lakini kwenye nyimbo wanaimba "he don't".

Wanaimba, na mitaani kwao wapo wanaosema hivyo tangu utotoni. Ni lahaja yao. Kwenye mtihani au barua ya kazi andika "doesn't".

Bi Tatu: Ahsante kwa somo. Swali langu: kwenye Biblia ya Kiingereza ya zamani nakuta "Judge not" na "I know not", hakuna "do" popote. Walikosea?

Hawakukosea, bibi, na nimefurahi umeuliza. Tafsiri ya King James ilitoka 1611, na zama hizo "not" bado iliweza kukaa nyuma ya kitenzi chochote. Msaidizi "do" alikuwa anaingia taratibu, miundo yote miwili ikitumika bega kwa bega. Baadaye "do" akatawala, na "I know not" ikabaki na harufu ya ukale na heshima. Ndiyo maana John F. Kennedy, akiapishwa kuwa rais wa Marekani mwaka 1961, alisema "ask not what your country can do for you". Alijua anachofanya. Wewe ukimwambia jirani "I like not this noise" atakutazama mara mbili.

Nikuongezee. Hiyo "not" ni ufupisho wa neno refu la kale lililomaanisha "si kitu chochote", na ni ndugu wa "nought", yaani sifuri. Zamani zaidi ukanushi ulikuwa "ne" mbele ya kitenzi, hilo neno refu likiwekwa nyuma kutia mkazo tu. Mwishowe "ne" ikadondoka, mkazo ukabaki na kazi yote. Kifaransa kilipita njia hiyo hiyo na "ne" na "pas", na kwenye mazungumzo "ne" yao nayo huachwa mara nyingi. Mwanaisimu wa Denmark, Otto Jespersen, aliieleza safari hii mwaka 1917.

Mzee wa Hoja: Hatua ya 9 inasema kanushi ni moja. Mbona Waingereza wa kale walirundika kanushi mbili tatu?

Kweli walirundika. Chaucer, mshairi wao wa karne ya 14, anafanya hivyo bila wasiwasi, na zote zinatia mkazo, hazifutani. Lahaja nyingi za leo bado ziko hivyo. Kiingereza sanifu ndicho kilichojitenga. Mimi nafundisha sanifu, sijasema wengine hawana akili.

Mzee wa Hoja: Basi ungeandika "kwa Kiingereza sanifu" tangu mwanzo.

Haya, mzee. Nimekusikia.

chapakazi: Sijasoma yote ni ndefu. Nifupishie hatua ya 7 na 8 pamoja.

Hapana.

Nuru: "All the students did not pass". Ina maana wote wamefeli, au baadhi wamefaulu? Nimeona watu wakibishana.

Swali zuri kuliko yote leo. Sentensi hiyo ina maana zote mbili, ndiyo maana wanabishana. "Not" imekaa kwenye kitenzi lakini inaweza kuikanusha "all" iliyo mbali nayo. Kuna methali yao, "All that glitters is not gold". Ukiishika neno kwa neno inasema hakuna king'aacho kilicho dhahabu, jambo ambalo ni uongo, kwa sababu dhahabu nayo inang'aa! Kiswahili kimeipanga vizuri zaidi: si vyote ving'aavyo ni dhahabu. "Si" imekaa mlangoni mwa "vyote". Fanya hivyo hivyo kwa Kiingereza: "Not all the students passed", au kama wamefeli wote, "None of the students passed". Hapo hakuna wa kubishana naye.

Tafuta pia sentensi kama "He didn't resign because of the money". Alijiuzulu au hakujiuzulu? Inaweza kuwa hakujiuzulu, pesa ikamzuia. Inaweza kuwa alijiuzulu, ila kwa sababu nyingine. Kwenye maandishi ivunje vipande viwili.

Nuru: Na "not bad"? Ni sifa au lawama?

Sifa, mara nyingi, na kwa Muingereza inaweza kuwa sifa kubwa. Ni kama "si haba" yetu: ukisema mavuno si haba, hujalalamika. Ila "not unhappy" haifiki "happy". Kwenye programu za kompyuta NOT mbili zinafutana kabisa. Kwenye midomo ya watu zinabakiza kitu katikati.

fundi_redio: Kuhusu hatua ya 8, marubani na waongoza ndege wameukwepa mtego huo. Redioni hawasemi "yes" wala "no", wanasema "affirm" na "negative". Na ni "affirm", si "affirmative", kwa sababu mawasiliano yakikatika mwanzo, "affirmative" na "negative" zinamalizikia pamoja.

Safi sana, hii naichukua. Kiingereza chenyewe kiliwahi kuwa na dawa: zamani "yea" na "nay" zilijibu swali la kawaida, "yes" na "no" zikajibu swali lililokanushwa. Kikaziacha. Wafaransa bado wana "si" yao na Wajerumani "doch" za kupinga swali lililokanushwa.

Bi Tatu: Mwalimu, mie kwenye simu sitofautishi "can" na "can't". Mmarekani akisema nabaki kubahatisha.

Usiisake "t", kwa Wamarekani mara nyingi inamezwa. Sikiliza irabu. Katikati ya sentensi "can" hufifia, inasikika karibu kama "kn": "I kn go". "Can't" haififii, irabu yake inabaki nzima na ina mkazo. Na ukiwa wewe ndiye msemaji na jambo lenyewe ni zito, acha kifupisho, sema "cannot" ukilikazia. Ukiwa msikilizaji na bado una shaka, muulize, "So you are not able to?" Naye akijibu "Yes" peke yake, usikate simu. Mwambie amalizie sentensi.