Kutoka Lamu hadi Kiwayu kwa Mashua: Kupanga Maji na Kutia Nanga

Mwongozo huu unawafaa marafiki wanaokusudia kusafiri kwa mashua ya tanga katika visiwa vya Lamu, wakilala chomboni kila usiku mahali palipotulia. Nimeuandika baada ya kuwasaidia wenzangu kupanga safari kama hiyo, kwa kuwa karibu maswali yao yote yalihusu maji kujaa na kupwa.

Hatua ya kwanza: msimu. Mimi hupendelea kaskazi, kati ya Desemba na Machi. Mkienda mtabisha, yaani mtakwenda upande huu na huu dhidi ya upepo, na kubisha kunachosha, lakini mtakuwa bado na nguvu, na mtarudi kwa upepo wa nyuma. Kusi ya Juni hadi Agosti huichafua bahari ya nje, nami siwashauri wasiozoea tanga waijaribu.

Hatua ya pili: siku ya kuondoka. Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji ya Lamu hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Ondokeni mwezi 11 hivi, yaani siku ya kumi na moja tangu mwezi kuandama, maji yanapojaa karibu na saa saba mchana. Mlango wa Mkanda, ulio kati ya Manda na bara, ni mwembamba, umezungukwa na mikoko, na maji yakipwa haupitiki kwa chombo kikubwa. Ingieni maji yakiwa bado yanajaa, ili mkigusa tope yawainue yenyewe. Anayeingia maji yakitoka hupwelewa na kungoja maji ya pili.

Hatua ya tatu: mahitaji. Chukueni maji ya kunywa ya kutosha, mkaa na upondo, mti mrefu wa kusukumia chombo. Ijulisheni mamlaka ya bandari njia yenu, na mwulize kama kuna marufuku ya safari za usiku.

Hatua ya nne: kutia nanga. Hapa ndipo usiku wa watu wengi huharibika. Kina unachokiona jioni si kina utakacholalia. Pimeni kwa bildi, kamba yenye risasi ya kupimia kina, kisha msome jedwali la maji. Tuseme jedwali linaonyesha mita 2.0 saa mnayofika, na kupwa kwa chini zaidi kabla ya kuondoka ni mita 0.6: maji yatashuka mita 1.4. Ikiwa sehemu ya mashua iliyo ndani ya maji ni mita moja, ongezeni nusu mita ya akiba. Mtahitaji kina kisichopungua mita 2.9 chini yenu wakati huo. Msitumie kupwa kwa kwanza bila kutazama kupwa kwa alfajiri, kwa maana yapo mawili na hayalingani. Tena, kwa kuwa mwezi unaelekea kupevuka, maji hupwa zaidi kila siku, hivyo mahali palipowafaa leo panaweza kuwa pakavu keshokutwa. Hesabu hii irudiwe kila jioni, hata kama hamjahama.

Urefu wa amari, yaani kamba ya nanga, kinyume chake, hupimwa kwa maji yaliyojaa: toeni mara tano ya kina hicho, pamoja na kimo cha omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, juu ya maji. Kwenye tope natumia baura, nanga ya makombe (kulabu) mawili. Nanga ya makombe manne naiweka kwa ajili ya mchanga wenye mawe, kwani katika tope huburuzika. Msitie nanga juu ya matumbawe kamwe, kwa sababu huyavunja, na amari hukatika. Mkishamaliza, chagueni alama mbili za nchi kavu zilizo katika mstari mmoja, mti mbele ya mnara kwa mfano, mzitazame tena mkondo unapogeuka.

Mkitaka kuyaona magofu ya Takwa kisiwani Manda, yaliyohamwa katika karne ya 17, acheni mashua nje ya hori, mkono mwembamba wa bahari, na mwingie kwa dau dogo maji yakijaa. Msikiti wake wenye nguzo juu ya ukuta wa kibla unastahili safari hiyo.

Hatua ya tano: Kiwayu. Piteni nyuma ya Pate na Ndau, mtie nanga upande wa bara, ambako kisiwa chenyewe huzuia mawimbi ya bahari kuu. Kabla ya kurudi, angalieni upya saa ya kujaa: maji ya Mkanda yatakuwa yamesogea hadi alasiri, na mkichelewa kung'oa nanga itawalazimu kulala upande wa Manda Toto, kisiwa kidogo karibu na Manda.